Broila wa Marekani, broila wa Bombo

Mhariri,

Juzi kijana wangu alituonyesha kwenye simu filamu ya Marekani, Food, Inc. ya mwaka 2008. Tulipoona kuku waliosongamana bandani, miguu ikishindwa kubeba kifua, mama watoto akaisukuma sahani yake pembeni. Tangu siku hiyo broila haingii jikoni kwetu. Tunakula kienyeji, ghali kweli, ingawa supu yake wallahi haina mfano.

Lakini jirani yangu hapa Bombo, Uganda, anafuga broila juu ya maranda makavu, milango wazi mchana kutwa, na wateja wameanza kumkwepa. Filamu ile haikupigwa kwake! Watengeneza filamu wa Uganda waje basi watuonyeshe mabanda yetu wenyewe, na mukene (dagaa) na mahindi yanayosagwa kuwa chakula cha kuku.

Msomaji wako,
Bombo