Ardhi haikuwa tupu

Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala yenu kuhusu walowezi wa Kizungu waliokuja Kenya, na nashukuru kwamba mmelikumbuka jambo hili. Hata hivyo, mwandishi ameeleza mara mbili kwamba serikali ya kikoloni ilitafuta wakulima wa kuja kulima "ardhi tupu", na neno hilo siwezi kulinyamazia.

Ni kweli kwamba serikali nyingi za zama hizo ziliwaita wahamiaji kwa matangazo. Kanada, wakati wa waziri Clifford Sifton, ilisambaza vijitabu Ulaya na Marekani, ikiwaahidi wakulima ekari 160 kwa ada ya dola 10. Kwetu sababu ilikuwa reli. Ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901 ikiwa imemeza zaidi ya pauni milioni 5, na Charles Eliot, Kamishna wa Uingereza aliyetawala hapa, akaona kwamba fedha hizo zingerudi tu iwapo wangeletwa walowezi ambao mazao yao yangejaza mabehewa. Sheria ya ardhi ya 1902 iliruhusu wakodishiwe mashamba kwa miaka 99. Ile ya 1915 ikaifanya miaka 999. Lakini huko Naivasha na Nakuru waliishi Wamaasai, nao walihamishwa mwaka 1904 kwa mkataba ulioahidi kudumu maadamu Wamaasai wapo, kisha wakahamishwa tena mwaka 1911. Ingekuwa tupu, angehamishwa nani?

Makala haikuigusa Pwani hata kidogo, ilhali walowezi wenyewe walishukia bandari yetu. Sheria ya 1908 ilimtaka kila mwenye ardhi katika ukanda wa pwani wa maili 10 ajitokeze kudai hati, na isiyodaiwa ikawa mali ya serikali. Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na mipaka yake ikijulikana kwa miti na makaburi, wengi wao hawakupata karatasi yoyote. Mwaka 1914 Wagiriama, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, waliokuwa ng'ambo ya kaskazini ya Mto Sabaki waliamriwa kuhama, na waliokataa wakachomewa nyumba.

Marehemu babu yangu alizaliwa Kisauni chini ya minazi iliyopandwa na baba yake. Hata hivyo, kila mwaka alipeleka ijara kwa wakala wa mtu ambaye hakuwahi kumwona, akirudi na kikaratasi alichokikunja mara nne na kukitia ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kopo hilo ninalo mpaka leo, na risiti ya mwanzo imeshachanika kwenye mikunjo.

Mmeahidi sehemu ya pili. Namwomba mwandishi, kabla hajaiandika, aje huku azungumze na wazee wanaoitwa maskwota, yaani wakazi wasio na hati, katika mashamba waliyozaliwa. Risiti za babu nitamfungulia azisome mwenyewe.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa