Kinachong'aa mtoni kikoshwe kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumze na wale ambao wakiona vijipande vya njano viking'aa kwenye mchanga, iwe Mto Mwera wa Unguja au vijito vya mabonde ya Pemba, hudhani ni dhahabu na kukimbilia kubomoa kingo kwa chepe. Kinachong'aa huko ni ulanga, madini mepesi ya magamba membamba. Dhahabu ya Tanzania imo katika miamba mikongwe ya Bara, kama ya Geita na Chunya, na mvua na mito ya kule ndiyo inayoimega na kuisomba. Visiwa vyetu vya Zanzibar ni mawe ya matumbawe, udongo wa mfinyanzi na mchanga uliotuama, si miamba ya kubeba dhahabu. Hata hivyo sisemi watu waache kukosha mchanga. Ni burudani nzuri ya siku ya mapumziko, na karai likitumiwa sawasawa hukata ubishi wote wa barazani.

Anayejua kukosha mchele wenye mawe keshajua nusu ya kazi. Mchele hutangulia na maji, mawe hubaki chini ya bakuli. Dhahabu ndiyo mawe hayo: uzito wake ni mara 19 ya maji ya ujazo huo huo, mchanga mweupe haufiki mara 3, na mchanga mweusi wenye chuma ni kama mara 5.

Linafaa beseni la plastiki jeusi au la kijani, upana wa sentimita 35 hadi 40, kuta zake zimelala. Karai jipya la chuma lina mafuta ya kiwandani, hivyo lichomwe motoni mpaka yaishe. Chembe nyembamba ya dhahabu ikishika mafuta huelea ikaondoka na maji. Kwa sababu hiyo hiyo usiingie kazini na mafuta ya nazi mikononi, na tone moja la sabuni ya vyombo ndani ya karai husaidia sana.

Mchanga wa juu, ule mwepesi ulioletwa na mvua ya jana, hauna maana. Chukua ule uliolala juu ya mwamba au juu ya tabaka gumu la udongo, nyuma ya jiwe kubwa, au upande wa ndani wa kona ya mto, pale maji yanapopoteza nguvu. Uchekeche kwa wavu wa nusu inchi, kisha jaza robo tatu ya karai.

Lizamishe lote, uvuruge kwa vidole mpaka kila donge la udongo liyeyuke. Hapa ndipo wengi wanapokosea: donge lisiloyeyuka hubingirika na kutoka nje likiwa limebeba kilichonata ndani yake. Halafu litikise karai kwa nguvu kulia na kushoto, likiwa bapa ndani ya maji, kwa sekunde 10 hadi 15, ili kizito kishuke. Ndipo uliinamishe mbele kidogo, uyaache maji yaingie na kutoka yakichukua tabaka la juu. Baada ya michoto mitatu au minne, lirejeshe bapa utikise tena. Asiyetikisa tena humwaga kizito pamoja na chepesi, na anayeliinamisha mno humwaga vyote kwa mara moja. Endelea mpaka ubaki mchanga mweusi wa kijiko kimoja au viwili, kisha uuzungushe polepole kwa maji kidogo mpaka utandazike kama mkia chini ya karai. Dhahabu hukaa nyuma kabisa ya mkia huo.

Anayetaka kujua mkono wake akate chubwi ya risasi, ile ya mshipi wa kuvulia, vipande 10 vya ukubwa wa punje ya mchele, avibonde vilale, avitie kwenye karai la mchanga. Risasi ni mara 11 tu ya maji, kwa hiyo mkono unaobakisha vipande vyote 10 hauwezi kupoteza dhahabu ya ukubwa huo. Vikirudi saba, tatizo ni mkono, si mto. Kosha mikono vizuri baada ya zoezi hili.

Kikibaki kitu cha njano, kitie kivuli. Ulanga hufifia, dhahabu hubaki na rangi yake ile ile. Kibonyeze kwa sindano: dhahabu hubonyea, ulanga huchanika magamba, na yale madini ya chuma na salfa yanayofanana na dhahabu huvunjika. Mchanga mweusi utolewe kwa sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Zebaki isiguswe hata kwa majaribio. Mvuke wake huharibu ubongo na figo, na ikiingia majini hugeuka sumu inayojikusanya ndani ya samaki tunaowala.

Kwa hapa kwetu, karai mbili tatu za mchanga zinatosha kujibu swali. Kuchimba zaidi ya hapo kunahitaji kibali cha Serikali, na sheha, kiongozi wa Serikali wa eneo, ajulishwe kabla ya chepe kuingia mtoni. Kingo zikibomolewa, mchanga huteremka kwenye mabonde ya mpunga, na mashimo yakijaa maji huzaa mbu wa malaria. Kwa hiyo kila shimo lifukiwe siku ile ile, kwa mchanga ule ule uliotoka humo.

Msomaji wako,
Chake Chake, Pemba