Mita yako haina kosa

Ndugu yangu,

Salaam nyingi. Barua yako imenifikia, na nimecheka kusoma kwamba ulitaka kuitupa multimita, hicho kipimo chako cha umeme. Usiitupe. Haijakudanganya.

Ulipima balbu ikiwa inawaka, ukapata volti 12 na ampea 2. Ukinzani, kile kiasi kitu kinachouzuia mkondo wa umeme, ni volti ukigawa kwa ampea, yaani omu 6. Nguvu ni volti mara ampea, yaani wati 24. Hapo huna deni. Matata yalianza ulipoizima, ukaichomoa, ikapoa, ukaipima kwa upande wa omu na mita ikaandika 0.5. Ukaniuliza omu nyingine zimekwenda wapi.

Zimeondoka na joto. Uzi ulio ndani ya balbu ni wa tangisteni, na tangisteni kadiri inavyopata moto ndivyo inavyozidi kuukinza mkondo. Ikiwaka hupita digrii 2,000 za Selsiasi; wewe uliipima ikiwa baridi kama kijiko. Basi namba zote mbili ni za kweli, ila 0.5 ni ya balbu iliyolala na 6 ni ya balbu iliyo kazini. Sasa gawa 12 kwa 0.5: ampea 24! Mkondo wa kiasi hicho ndio unaotaka kupita pale unapowasha tu, kabla uzi haujapata moto. Ndiyo maana balbu za namna hii hupenda kufa palepale unapobonyeza swichi. Kwa hiyo ukitaka wati, pima kitu kikiwa kinafanya kazi.

Usione haya kukosea. Mimi niliwahi kusoma 350 kwenye mita nisiangalie kwamba ni miliampea, ambazo elfu moja ndizo ampea moja, nikazidisha kwa volti 12 nikapata kitaa cha mezani chenye wati 4,200. Kilikuwa na wati 4.2.

Kuhusu plagi ya hita: umesema imeanza kuwa kahawia upande mmoja ilhali hita yenyewe ni nzima. Nadhani skrubu imelegea. Chukua hita ivutayo ampea 10, na pale waya unapoishika skrubu vibaya pawe na ukinzani wa omu 0.25 tu. Kwa kuwa volti ni ampea mara omu, nguvu inayopotea hapo ni ampea mara ampea mara omu: 10 mara 10 mara 0.25, wati 25. Yaani ile balbu yako nzima imejificha ndani ya plagi, mahali padogo kama punje ya mchele, na joto halina pa kutokea. Hita haitakuonyesha dalili yoyote, maana volti 2.5 zikipungua haihisi. Chomoa plagi, kata ncha ya waya iliyoungua, menya upya, kaza. Kama plastiki imeshalainika, nunua nyingine.

Na kabla hujapima volti tena, rudisha waya mwekundu wa mita kutoka tundu la ampea hadi tundu la volti. Ukiusahau humo ukagusa ncha za betri, ni sawa na kuziunganisha kwa kipande cha waya. Fyuzi ya mita itakatika, na kuna mita ambazo tundu la ampea 10 halina hata hiyo fyuzi.

Niandikie wati zilizochapwa mgongoni mwa hita, tuone kama inavuta zaidi ya hizo ampea 10.

Ni mimi rafiki yako.