Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: tunaitaka Ligi Kuu uwanja wa Nangwanda

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, shikamoo.

Najua mezani kwako kuna mafaili ya korosho, bandari, gesi na barabara, na hili la mpira linaweza kuonekana ni maneno ya vijana wa kijiweni tu, lakini naomba unisikilize maana hapa Mtwara mpira sio jambo dogo. Tangu timu yetu ya Ndanda ishuke msimu wa 2019/20 mkoa wetu hauna timu Ligi Kuu. Msimu unaanza, msimu unaisha, bingwa anapewa kombe lake, sisi tupo kibanda umiza kule Magomeni ya hapahapa Mtwara tumebanana tunawashangilia watu wa mikoa mingine.

Msimu ule ligi ilikuwa na timu 20 na ilikuwa inapunguzwa, kwahiyo wakashuka wengi kwa mkupuo na Wanakuchele, yaani Ndanda yetu, wakiwemo. Kila mtu hapa mjini ana stori yake kwanini tulishuka, mimi sitaki kumnyooshea mtu kidole, miaka imepita na kidole hakipandishi timu.

Ila mheshimiwa angalia majirani zetu Ruangwa. Msimu huohuo sisi tunashuka ndio Namungo walikuwa wanacheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza, wakafika fainali ya Kombe la FA kule Sumbawanga wakafungwa na Simba 2-1, msimu uliofuata wakaingia mpaka makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, kundi moja na Raja Casablanca ya Morocco na Pyramids ya Misri. Ruangwa hiyo! Wilaya moja ya Lindi, haina bandari wala uwanja wa ndege kama wetu, lakini ilikuwa na viongozi walioamua, na Mzee Kassim Majaliwa wakati huo akiwa Waziri Mkuu na mbunge wao hakuona haya kusema hii ni timu yangu. Uwanja wana wa kwao, na tangu wapande hawajashuka. Nawapongeza kutoka moyoni, ni ndugu zetu wa kusini. Wapo watu wa Mtwara wanapanda Noah mpaka Mnazi Mmoja, wanaunganisha Nanganga, wanaingia Ruangwa kuangalia Ligi Kuu halafu wanarudi usiku, wakati Nangwanda Sijaona ipo hapahapa mjini unaifikia kwa bodaboda.

Sijui kama uliwahi kuuona mji huu siku Simba au Yanga wanakuja kucheza na Ndanda. Watu walikuwa wanaingia toka jana yake, wa Newala, Tandahimba, Masasi, Nanyumbu, gesti zinajaa mpaka watu wanalala kwa ndugu, mama lishe wanaongeza sufuria. Kuna mama mmoja alikuwa anauza korosho za kukaanga pale nje ya geti, anazifunga kwenye vifuko vidogo anavipanga kwenye beseni, na mechi kabla haijaanza beseni limebaki chumvi tu chini, anarudi nyumbani kufunga zingine aje awauzie watu wakitoka. Hela ile haikupitia ofisi yoyote, ilikwenda moja kwa moja mkononi kwa mama.

Sasa tatizo la timu zetu za mikoani wote tunalijua, ni kuishi kwa bakuli. Ligi ya timu 16 ni mechi 30, 15 unacheza ugenini, na sisi tupo mwisho kabisa wa nchi, mpaka ufike Dar tu ni zaidi ya kilomita 500 na hapo bado hujaanza safari ya Mbeya au Kigoma. Basi, hoteli, chakula, posho, mishahara, huwezi kuendesha kitu kama hicho kwa kupiga simu kwa wadau kila Ijumaa. Ukiangalia timu nyingi zilizofika Ligi Kuu utakuta kuna mtu kasimama nyuma yake. KMC ni ya Manispaa ya Kinondoni, Dodoma Jiji ina halmashauri yake, Mashujaa na JKT Tanzania wana jeshi. Azam Media nao mwaka 2021 walisaini haki za matangazo ya ligi ya miaka 10 kwa zaidi ya shilingi bilioni 225, lakini hela hiyo lazima kwanza uwe ndani ya ligi ndio uionje.

Ninachokuomba ni kikao kimoja tu, kikao cha kazi, sio cha kupiga picha. Waite viongozi wa Ndanda, Manispaa ya Mtwara Mikindani, watu wa bandari, watu wa gesi, kiwanda cha saruji, na vyama vya ushirika. Na hapa kwenye ushirika naomba nieleweke vizuri, SIOMBI mkulima akatwe hata shilingi kwa kilo, makato kwenye korosho yanatosha na mkulima wa Tandahimba kashalalamika vya kutosha. Naomba kampuni zinazopata faida mkoani kwetu ziseme mbele yako zitatoa nini kwa msimu mzima, iandikwe, isainiwe, na hesabu za timu zibandikwe kila mwezi watu wazione. Sisi mashabiki tutalipia kadi za uanachama, mkituonyesha hela inakwenda wapi hamtatusukuma.

Na vijana mheshimiwa. Nenda jioni pale ufukweni Shangani maji yakishakupwa uone watoto wanavyocheza mchangani pekupeku, kuna kijana wa mguu wa kushoto pale akipokea mpira mpaka wavuvi wanasimama kumuangalia. Mtoto kama yule leo akitaka Ligi Kuu lazima apande basi aende kubahatisha Dar, hana ndugu, hana wakala, wengi wanaishia kubeba mizigo Kariakoo.

Ukituambia tu tarehe ya hicho kikao, mimi mwenyewe nitaisambaza kwenye magrupu yote ya Newala, Masasi na Tandahimba, na wenzangu watajaza ukumbi.

Shabiki wa Ndanda,
Chikongola, Mtwara