Mpira wa pampu usizame kwenye pipa la dawa

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mkulima wa zabibu upande wa Makutupora, Dodoma. Nina ekari mbili na kisima cha pampu kinachonywesha mizabibu, ng'ombe, na nyumba sita za majirani.

Julai iliyopita kijana wangu alikuwa akichanganya dawa ya ubwiri, ule ukungu unaoshambulia mizabibu. Mpira wa pampu aliuzamisha hadi chini ya pipa, kama tunavyofanya wengi, maana ukiwa juu maji yanafanya povu. Pipa likakaribia kujaa, umeme ukakatika. Nilikuwa nimesimama palepale. Maji yakaanza kupungua yenyewe, kimya kimya, yakashuka shubiri nzima kabla hajauchomoa ule mpira. Yalikuwa yanarudi kisimani pamoja na dawa! Pampu yetu haikuwa na vali ya kuzuia maji kurudi. Fundi hakuiweka, nami sikujua kuiulizia.

Tukapita nyumba kwa nyumba kuwazuia watu wasichote. Bibi mmoja akaniuliza, "Mwanangu, nikiyachemsha je?" Ikabidi nimwambie: hapana bibi, moto unaua vijidudu, dawa inabaki. Hadi leo maji ya kunywa tunanunua kwa ndoo.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu sisi wa Dodoma hatuna mto wa kukimbilia. Mvua zetu ni za msimu mmoja, chache, na maji ya chini hujazwa hasa miaka ile ya mvua kubwa. Visima vya Mzakwe vinavyonywesha jiji vinachota kwenye bonde hilihili tunalolima. Sumu ikishafika kule chini hakuna jua la kuivunja, inakaa. Na si lazima ipite kisimani. Dawa ya magugu ya mahindi yenye atrazini hushuka na maji ya mvua ardhini. Umoja wa Ulaya uliikataa mwaka 2004 kwa sababu hiyo.

Wakulima wenzangu, ncha ya mpira ikae shubiri moja juu ya maji ya pipa, povu livumilieni. Bora zaidi, chota maji ukachanganyie dawa mbali na kisima. Kopo likiisha lisuuzwe mara tatu, na maji ya kusuuzia yaingie kwenye bomba la kupulizia, yasimwagwe chini.

Mafundi wa visima nao wasikabidhi pampu bila ile vali, hata mteja akilia bei.

Ombi langu la mwisho ni kwa wataalamu wa maji. Mkija vijijini kupima chumvi na floridi, pimeni na viuatilifu, yaani hizi dawa za shambani, kisha majibu yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, mbele ya wanaoyanywa hayo maji.

Mama mkulima,
Makutupora, Dodoma