"Bei njoo inboksi" inakukosesha wateja wa Desemba

Kuanzia Oktoba, watu wa Moshi walioko Dar na Mwanza huanza kupanga safari ya kurudi nyumbani. Kabla hawajakata tiketi ya basi, wameshaingia kwenye simu: nani anachoma ndafu vizuri? Nani anakodisha maturubai hadi Kibosho? Gauni la kipaimara la binti wa miaka 14 ni shilingi ngapi? Wengi huchagua duka wakiwa bado huko huko, na duka lililoachwa halipati hata habari.

Sisi tunasimamia kurasa za biashara ndogo hapa mjini, na lalamiko tunalolisikia zaidi ni hili: "Watu wanapenda picha zangu lakini hawanunui." Huwa tunafungua ukurasa pamoja na mwenye duka. Picha ni nzuri, ila chini yake pameandikwa "Bei njoo inboksi". Tukiingia huko inboksi, tunakuta "Habari, hilo gauni bei gani?" ya siku nne zilizopita, haijajibiwa.

Sababu za kuficha bei tunazijua. Jirani asiione akashusha yake. Halafu tumezoea kupatana. Lakini pale sokoni Mbuyuni mama muuza vitenge yuko mbele yako, anakushikisha kitambaa, anakuita "njoo dada yangu, nitakupunguzia". Kwenye simu hakuna uso wala sauti. Mteja anaogopa kuuliza, aambiwe bei asiyoiweza, kisha aage kwa aibu. Anapita kimya na kwenda kwa aliyeandika "kuanzia 85,000". Neno hilo "kuanzia" bado linakuachia nafasi ya kupatana, kwa hiyo hupotezi kitu.

Kuhusu kujibu, WhatsApp Business ni ya bure na ipo tangu 2018. Unaweza kuweka katalogi ya bidhaa zenye picha na bei, saa za kufungua, na salamu inayojituma yenyewe mteja akiandika usiku. Salamu hiyo inamshikilia tu hadi asubuhi; asubuhi lazima mtu ajibu.

Na sentensi ya kwanza ya tangazo lako ichunguzwe mara mbili. Tarehe 8 Machi 2021, Siku ya Wanawake, Burger King ya Uingereza iliandika Twitter kwamba mahali pa wanawake ni jikoni. Ujumbe uliofuata ulieleza kwamba wapishi wakuu wanawake ni wachache na kwamba kampuni inatoa ufadhili wa masomo. Nia ilikuwa njema, ila watu walisambaza ile sentensi ya kwanza peke yake, na siku hiyo hiyo kampuni ikaufuta ujumbe na kuomba radhi. Mteja wako naye anasoma mstari mmoja tu, na kwenye kurasa nyingi tunazoziona mstari huo unamwambia hatapewa jibu hapo.

Jambo moja sisi wenyewe tulikosea. Tuliwahi kuweka picha ya mtoto akiwa na gauni la mteja wetu bila kumwuliza mama yake. Mama alipopiga simu, uchungu wake ulisikika, na alikuwa na haki. Tuliitoa saa ile ile. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, lakini hata bila sheria, mtoto wa mtu si tangazo. Sasa tunaomba ridhaa kwa maandishi kabla ya kupiga picha.

Wafuasi wa kununua hatuuzi, hata ukituomba. Hawaishi Moshi wala hawavai kitenge chako.

Bei yetu ni hii: ziara ya kwanza dukani kwako ni shilingi 60,000. Tunapiga picha za bidhaa 20, tunapanga katalogi, na tunamfundisha mtu mmoja wa dukani kujibu meseji. Andaa simu yako na daftari la bei. Ukichelewa hadi katikati ya Novemba tutakupokea, ila mafundi wengi wa magauni ya kipaimara wakati huo wameshajaza oda.