Mtu wa Herufi Moja

Köln, Jumapili usiku

Somo yangu,

Hujambo wewe, hawajambo watoto, na Baba Zuhura anaendeleaje na mgongo wake? Huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Najua nimekaa kimya muda mrefu, na radhi nitakuomba vizuri siku nyingine, maana ujumbe wako wa sauti wa Jumanne umenikaa kichwani na nataka jibu likufikie kabla ya kikao cha wahariri.

Nimeusikiliza mara tatu. Yule msikilizaji aliyepiga simu studio hakuwa na adabu, lakini swali lake lina uzito. Kijana mweusi aliyekamatwa Marekani mmemtaja majina yote, umri na mtaa anaokaa, na picha yake mkaitundika kwenye ukurasa wenu. Dakika mbili baadaye Mjerumani anayetuhumiwa kuua anaitwa jina la kwanza na herufi moja, uso umepakwa ukungu. "Mzungu mnamsitiri." Neno hilo limekuuma, na mimi limeniuma.

Kwanza nikutoe hofu: hukumsitiri mtu. Habari ya Marekani ilikuja na kila kitu kwa sababu huko polisi wenyewe ndio wanaotoa jina na picha, na katika majimbo mengi ni kumbukumbu za umma ambazo mtu yeyote anaweza kuziomba. Habari ya Ujerumani ilikuja na herufi moja kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwa Wajerumani wenyewe. Pale mlipoteleza ni kuzisoma zote mbili kama zilivyofika, moja mgongoni mwa nyingine, katika taarifa ile ile ya saa mbili. Msikilizaji hakuona sheria mbili za nchi mbili. Aliona rangi mbili.

Unakumbuka picha za Mei 2011? Mkuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, Dominique Strauss-Kahn, aliteremshwa kwenye ndege New York tarehe 14 kwa tuhuma za kumshambulia kingono mfanyakazi wa hoteli, na kesho yake usiku akatolewa kituo cha polisi huko Harlem. Koti jeusi, mikono imefungwa pingu kwa nyuma, mpelelezi huku na huku, na kamera zimepangwa mlangoni zikimsubiri. Kwa Mmarekani hiyo ni desturi: polisi humtembeza mtuhumiwa mbele ya wapiga picha, na wanaoitetea husema mkubwa na mdogo wanapitishwa mlango ule ule. Ufaransa walishtuka. Kwao sheria ya 15 Juni 2000 inakataza kuchapisha picha ya mtu aliyefungwa pingu kabla hajatiwa hatiani, kama hajaridhia, na faini yake ni euro 15,000. Agosti 23 mwaka ule ule kesi ya jinai ikafutwa kwa ombi la waendesha mashtaka wenyewe. Ile ya madai ikaja kumalizwa kwa makubaliano Desemba 2012. Picha ya pingu iko pale pale hadi leo.

Lakini usikimbilie kusema Wafaransa ndio wenye haya na Wamarekani hawana. Katika kisa kile kile, vyombo vikubwa vya Marekani viliacha kulitaja jina la yule mfanyakazi wa hoteli aliyelalamika, mpaka alipojitokeza mwenyewe Julai. Hakuna sheria iliyowafunga mdomo. Mahakama ya Juu ya nchi ilishaamua mwaka 1975 kwamba gazeti haliadhibiwi kwa kuchapisha jina la aliyebakwa likiwa limo kwenye kumbukumbu za wazi za mahakama. Waliacha kwa maadili ya kazi. Baadhi ya vyombo vya Ufaransa, vilivyokuwa vikilalamikia pingu, vililitaja jina la yule mama mapema sana, na sheria yao inakataza. Kila upande una mtu wake wa kumfunika. Ndiyo maana nakusihi usiingie kikaoni na jibu la "Ulaya wanaheshimu, Marekani hawaheshimu". Watalivunja kwa mfano mmoja tu.

Sababu zenyewe zinatofautiana hata ndani ya Ulaya, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Uingereza wana juri kama Marekani, wale raia 12 wanaoamua kama mtu ana hatia. Sheria yao ya 1981 ya kudharau mahakama inaanza kulibana gazeti tangu mtu anapokamatwa: usichapishe kitakachomharibia kesi, kama makosa yake ya zamani au maneno ya majirani kwamba alikuwa wa ajabu ajabu. Mwaka 2011 magazeti mawili ya London yalitozwa faini, moja paundi 50,000 na jingine 18,000, kwa walivyomwandika mwalimu mstaafu wa Bristol aliyekamatwa kwa mauaji ya mpangaji wake. Alikuwa hana hatia, na muuaji alikuwa mtu mwingine kabisa.

Marekani wana juri lakini wanaogopa zaidi serikali kulizuia gazeti. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ilitengua amri ya jaji wa Nebraska aliyetaka waandishi wanyamaze kabla ya kesi ya mauaji ya watu sita wa familia moja. Wanachofanya ni kuwalinda wale 12: kuwahoji mmoja mmoja kabla ya kuwachagua, kuwafungia hotelini, au kuihamisha kesi, kama ya bomu la Oklahoma City ilivyohamishiwa Denver. Kwa ufupi, Mwingereza anaziba mdomo wa gazeti na Mmarekani anaziba sikio la juri.

Mjerumani je? Hana juri ya namna hiyo tangu 1924. Majaji wanakaa na raia wachache meza moja na kuamua pamoja. Kwa hiyo herufi moja haipo kwa ajili ya juri. Ipo kwa ajili ya mtu mwenyewe, na hata kwa siku atakayotoka gerezani. Shika hukumu ya Lebach ya 5 Juni 1973. Wanajeshi wanne waliuawa kwenye ghala la silaha huko Lebach, Ujerumani, mwaka 1969, na televisheni ikatengeneza filamu yenye jina na sura ya aliyewasaidia wauaji, akiwa karibu kuachiliwa. Mahakama ya Katiba ikaizuia. Hoja yao: habari inapokuwa mpya umma una haki ya kujua, lakini kadiri siku zinavyokwenda haki ya mtu ya kurudi kuishi na watu inazidi uzito.

Na haki ya picha ni ya zamani zaidi. Julai 1898 Bismarck alipofariki, yule yule wa Mkutano wa Berlin uliotugawa, wapiga picha wawili walipenya chumbani usiku wakampiga picha akiwa maiti kitandani. Kelele za kisa kile zilichangia kuleta sheria ya 1907 inayosema picha ya mtu haisambazwi bila ridhaa yake, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa. Ingali inatumika. Ndiyo maana ukiona picha za mahakama za huku utaona mshtakiwa anaingia na jalada la karatasi amelikinga usoni. Wapiga picha wanaruhusiwa dakika chache kabla jaji hajafungua kikao, kisha wanatolewa nje, na ndipo jalada linashushwa.

Mwambie na huyo msikilizaji kwamba huku nako kanuni inavunjwa. Maadili ya magazeti yanasimamiwa na Baraza la Habari ambalo halitozi faini. Linatoa karipio, na gazeti linatarajiwa kulichapisha. Kuna magazeti ya udaku yanayokusanya makaripio kila mwaka. Na tukio likiwa kubwa mno herufi inaanguka. Ndege ya Germanwings ilipoanguka Machi 2015 na watu 150, mwendesha mashtaka wa Marseille alilitaja hadharani jina la rubani msaidizi, kwamba ndiye aliyeiangusha kusudi. Magazeti mengine ya Ujerumani yakaendelea na "Andreas L.", mengine yakaandika jina lote, na Baraza likaona kulitaja hakukuwa kosa.

Sasa la kazi. Kabla ya jina, angalieni neno, kwa sababu hapo ndipo tafsiri zinapoharibika kila siku. Shirika la habari likiandika kwa Kiingereza kwamba mtu fulani Paris "ameshtakiwa", mara nyingi nyuma yake kuna hatua ya jaji wa uchunguzi kumweka mtu chini ya uchunguzi rasmi. Inaweza kumalizika bila kesi kabisa. Andikeni "amewekwa chini ya uchunguzi rasmi". Ujerumani mtu anaweza kukaa rumande miezi kabla hati ya mashtaka haijapelekwa mahakamani; huyo bado ni mtuhumiwa. Marekani mashtaka ya awali huja siku moja au mbili tu baada ya kukamatwa, na huyo ni mshtakiwa halali, ingawa ushahidi haujapimwa. Mtuhumiwa, mshtakiwa, aliyetiwa hatiani: Kiswahili kinayo maneno yote matatu, na mkiyatumia mahali pake mmekwisha kumtendea mtu haki kabla hamjafika kwenye jina.

Jina lenyewe, pendekezo langu ni kanuni moja ya nyumba yenu, isiyojali habari imetoka wapi. Aliyekamatwa tu, raia wa kawaida, hatajwi jina wala picha haiwekwi, awe wa Chicago au wa Dresden. Semeni "mwanamume wa miaka 34". Mwenye cheo cha umma anatajwa, kama kosa linagusa cheo chake. Akipandishwa kizimbani na kesi ina uzito kwa wasikilizaji wenu, mhariri wa zamu anaamua na anaandika sababu kwenye daftari, mstari mmoja unatosha. Asili au dini ya mtu isitajwe mpaka mweze kusema inaelezea nini kwenye kisa. Wajerumani wenyewe walivutana sana juu ya hilo baada ya mkesha wa mwaka mpya wa 2015 hapa Köln, wanawake wengi waliposhambuliwa na watuhumiwa wengi wakasemwa kuwa wahamiaji, mpaka Machi 2017 Baraza likaiandika upya kanuni: inatajwa pale tu penye maslahi ya umma yenye msingi, na udadisi peke yake si msingi.

Lile wazo la yule kijana wenu wa dijitali, kulitafuta jina lote mtandaoni ili wasikilizaji watulie, likataeni kabisa. Aprili 2013, siku tatu baada ya mabomu ya Boston, gazeti moja la New York liliweka ukurasa wa mbele picha ya vijana wawili waliosimama na mabegi. Mmoja alikuwa mwanariadha wa miaka 17 mwenye asili ya Morocco. Hawakuhusika hata chembe. Picha ikifika na ukungu usoni, iacheni na ukungu wake.

Na ukurasa wa mtandao uchungeni kuliko redio. Jina lisiwekwe kwenye anwani ya ukurasa wala kwenye jina la faili la picha, kwa sababu mkifuta maandishi, anwani inabaki imelibeba na injini za utafutaji zinaendelea kuliona. Kesi ikiisha, matokeo yaandikwe juu ya habari ile ile ya kwanza, pamoja na tarehe. Habari mpya pembeni haitoshi, atakayetafuta atakutana na ile ya zamani. Wamarekani nao wameanza kulifikiria: Juni 2021 shirika lao la habari, AP, lilitangaza halitataja tena majina ya watuhumiwa katika habari fupi za makosa madogo ambazo halina mpango wa kuzifuatilia hadi mwisho. Hiyo nakuomba uisome kikaoni neno kwa neno, kwa sababu ndiyo hali yenu hasa. Yule kijana wa Marekani mliyemtaja, mlipanga kumfuata mpaka hukumu?

Maana bado namfikiria yeye kuliko Mjerumani. Mjerumani ana sheria ya 1907 nyuma yake. Huyu kijana picha yake iko kwenye ukurasa wa redio ya mbali, kwa lugha asiyoijua, na hajui pa kuomba iondolewe. Naona msikilizaji wenu alikuwa na haki ya kukasirika, ila suluhisho si kumvua Mjerumani nguo ili wawe sawa.

Nijibu haya haraka: nani mwenye neno la mwisho juu ya majina, mhariri wa zamu au yule bwana wa juu? Mna mwanasheria, au mnampigia simu yule yule wa zamani? Habari za Marekani mnazipokea kwa Kiingereza moja kwa moja au zinapitia kwanza mkono wa mtu mwingine? Ile picha ya kijana imeshaondolewa? Daftari la zamu bado lipo, au mlilitupa mlipohama jengo? Na Zuhura amepangiwa shule gani? Bibi amepata ile dawa ya macho niliyompa mpwa wako?

Nitumie habari zenu tatu za wiki hii zenye watuhumiwa, kama zilivyosomwa hewani, nizipitie na kalamu kabla ya Alhamisi.

Wako,
Somo